Doa la Ini na Miezi Minne Niliyonyamaza

Mwende mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Kilungu kumuaga bibi yako, susu, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kuku wakiparua nyuma ya jikoni. Sanduku lako liko sebuleni, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekataa. Kesho utakuwa njiani kwenda Eldoret. Mambo ya kukuambia kuhusu kufunga mlango, marafiki na kupiga simu ukifika sitayaandika. Unayajua kuliko mimi. Nimeketi hapa mbele ya cherehani tangu saa mbili, sare za watu zimerundikana, na sijashona hata kola moja. Kuna jambo ambalo mdomo wangu umelikataa kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa hivyo nalijaribu na kalamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba nikikiandika kinatoka kama maombi ya kanisani, na hili si ombi. Ukiona nimerudia neno au nimeruka mbele, nivumilie. Mimi mwenyewe bado sijaielewa hadithi hii vizuri, ingawa ilinipata mimi.

Unaukumbuka ule uchungu wangu wa mvua za Novemba, mwaka juzi. Ulikuwa hapa, chini ya mbavu, upande wa kulia. Nilikuwa nakunywa maji ya moto nikidhani ni gesi. Ni wewe uliyesema twende mjini Wote nikapigwe skani, na tukaenda kwenye kliniki ile ndogo. Mama wa skani alikuwa mtu mzima kama mimi, miwani imemshuka puani, mikono baridi. Alinipaka ile jeli, akaanza kupitisha kifaa chake chini ya mbavu. Alikuwa akipita mahali, anaenda mbele, halafu anarudi palepale.

"Vuta pumzi, mama. Shika hapo. Usiitoe bado."

"Umeona nini?"

"Ngoja kwanza."

Alipoona siwezi kungoja tena, akaniambia, "Kuna kitu kwenye ini. Ni kama doa jeusi. Ni la mviringo, lakini upande huu sioni vizuri linaishia wapi. Na ini lenyewe linang'aa sana. Siwezi kukuambia ni nini."

Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua ini. Nikamwambia mume wangu. Akaniuliza kama tuliwahi kula mahindi yenye ukungu. Hapo nilichelewa kidogo kujibu, na wewe uliniangalia. Sikukueleza kwa nini.

Baba yako alipokufa ulikuwa na miaka minane, kwa hivyo unakumbuka macho yake yalivyokuwa ya njano na tumbo lilivyovimba, lakini hukumbuki gunia. Mwaka wa ukame tulivuna kidogo, na hicho kidogo kikanyeshewa kabla hakijakauka. Nilipolifungua lile gunia, mahindi ya chini yalikuwa na unga wa kijani. Nikayachambua, nikayaosha mara tatu, nikayatwanga kuondoa maganda, nikapika muthokoi. Baba yako alikula vizuri kwa sababu alikuwa anatoka kuchimba mitaro. Nyinyi watoto mlikula kidogo, mlikuwa mnapenda uji. Baadaye redioni wakawa wanaeleza mambo ya sumu ya ukungu, kwamba kuosha hakuitoi. Nilikuwa nikiizima redio. Wewe ulidhani naokoa betri.

Kwa hivyo yule mama aliponiuliza, nilisema ndiyo, tulikula. Akaandika.

Ripoti uliisoma wewe, tukiwa tumesimama nje ya duka la viatu pale stejini. Uliisoma kimya kwanza, halafu ukanitafsiria polepole: uvimbe mmoja kwenye ini, inaweza kuwa uvimbe usio na madhara, lakini saratani haijaondolewa kwenye mawazo, mgonjwa afanyiwe kipimo kingine cha kina. Hivyo ndivyo ulivyosoma. Hukuongeza wala hukupunguza. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu. Tulipofika nyumbani Matiliku nilikuwa nimeshaanza kufa.

Usiku ule ulinibembeleza twende Nairobi. Nikakuambia, "Baba yako hakupimwa na alikufa. Mimi nimepimwa na nitakufa. Cha kupimwa mara ya pili ni nini?"

"Mwaitu, mama, karatasi inasema 'inaweza'. Haijasema 'ni'."

"Mtoto hawezi kunifundisha kifo changu."

Nilikuambia hivyo, nawe ukaenda kulala. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kwa muda mrefu nilijaribu kumtwika yule mama wa miwani. Lakini nimeisoma ile ripoti tena na tena kwa kamusi yako ya shule. Yeye hakusema popote kwamba ni saratani. Aliandika kwamba hajui, na kwamba anayeweza kujua yuko mahali pengine. Saratani tuliisema sisi. Niliisema mimi kwa Ndinda jirani yetu, Ndinda akaisema kwa kina mama wa kanisa, na ilipofika Jumapili mchungaji aliisema kwenye kipaza sauti.

Siku ya tatu akaja Mutuku.

Kaka yako alikuwa hajakanyaga nyumba hii kwa miaka minne. Unajua alivyoondoka, ulikuwepo, ingawa hatujawahi kulizungumza. Alimleta yule mwanamke wake kutoka Mombasa, mwanamke mwenye mtoto wa mtu mwingine, nami nikasimama mlangoni na sikumpa mkono. Mutuku akamgeuza mkewe kwa bega, wakarudi barabarani na jua lile. Miaka minne, Mwende. Nilikuwa napata habari zake kupitia kwako, na nilijifanya sisikilizi.

Neno saratani lilimleta ndani ya siku tatu. Alifika na nguo za gereji, zina mafuta, hata hakubadilisha. Alikaa kwenye kile kiti kilichovunjika mkono akaniangalia, halafu akatoka akapanda juu ya jikoni akaanza kurekebisha mabati. Tangu hapo akawa anakuja kila baada ya wiki mbili. Mara ya tatu akamleta mkewe na yule mtoto. Mtoto akaniita susu bila kufundishwa na mtu. Nikampa mama yake mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa, una sugu za kufua. Nilishangaa ni kitu gani nilikuwa nimekikataa.

Na wewe ulikuwa na ile barua yako ya chuo cha uuguzi kule Kitui. Ulinionyesha siku moja tu, ukaiweka ndani ya Biblia. "Nitaenda ukipata nafuu," ulisema. Wote wawili tulidhani tunajua maana yake, kwamba ni nikishazikwa.

Januari nilitapika sana, unakumbuka, ukanipeleka kwenye zahanati. Daktari wa pale akanipa vidonge vya vidonda vya tumbo, vya kumeza asubuhi kabla ya chakula. Nilivimeza kwa sababu sikutaka kubishana naye. Kufika mwezi wa tatu uchungu wangu haukuwepo. Nililala upande wa kulia usiku mzima bila kuamka. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuchanganyikiwa, na hakijatulia mpaka leo. Mtu wa saratani anaponaje kwa vidonge vya tumbo? Nilirudi kwa yule daktari peke yangu, siku uliyokuwa umeenda kisimani, nikamwonyesha ile ripoti ya Wote.

Aliisoma mara mbili. "Mama, hii karatasi inauliza swali. Nani aliwaambia ni jibu?"

Nikatafuta mtu wa kumtaja, nikakosa.

Mwezi wa nne nilikuambia naenda Nairobi kwa mazishi ya binamu yangu. Hakukuwa na mazishi. Nilienda hospitali kubwa, na barua ya yule daktari mkononi. Sikukuambia kwa sababu, nilijiambia, kama habari ni mbaya haifai muisikie mara mbili. Mpaka hapo nadhani sikuwa nimekukosea sana. Lakini sina hakika hata na hilo.

Daktari wa picha kule alikuwa kijana mpole, anaongea polepole kama anayesoma kwa sauti. Alinipima kwanza kama yule wa Wote. Halafu akageuza kioo nikione.

"Ini la mtu huwa kijivu hivi kwenye mashine," alisema. "Lako limeng'aa kwa sababu limeingia mafuta. Sasa kuna uvimbe wa mishipa ya damu, usio na shida yoyote, ambao watu wengi wanao na hawajui. Kwenye ini la kawaida unaonekana mweupe. Kwako ini lenyewe ndilo limekuwa jeupe, kwa hivyo uvimbe umebaki mweusi. Ndiyo maana mwenzangu alikuwa na wasiwasi. Alifanya vizuri kuwa na wasiwasi."

"Kwa hivyo cheusi si kibaya?"

"Hapana, mama. Saratani nayo mara nyingi ni nyeusi."

"Basi cheupe ndicho kizuri."

"Mara nyingi. Lakini saratani ikiwa ndogo wakati mwingine nayo inaonekana nyeupe."

"Sasa nyinyi mnajuaje?"

Akacheka kidogo, si kwa kunidharau. "Kwa kuangalia tu, wakati mwingine hatujui. Ndiyo maana nataka kukudunga dawa."

Alinidunga mkononi dawa inayoonekana ndani ya mashine, akaniambia tuangalie inavyoingia. Niliona mimi mwenyewe, Mwende. Lile doa lilianza kung'aa pembeni, vipande vipande, hapa kidogo na pale kidogo. Halafu polepole mwanga ukaanza kuingia kuelekea katikati. Tulingoja. Dakika zikapita na mwanga bado umekaa. Akaniambia saratani ya ini kwa kawaida haifanyi hivyo. Inanyakua damu haraka, inawaka yote kwa pamoja kabla ya ini, halafu inaanza kufifia wakati ini bado linang'aa. Hii yangu ilijaa taratibu na ikatulia. Vipimo vya damu navyo vilisema sina homa ya ini, na ini halikuwa na makovu.

"Pengine ulizaliwa nao," alisema.

"Miaka hamsini na moja?"

"Pengine. Hauhitaji kisu wala dawa. Urudi baada ya miezi sita tuuangalie kama umebaki vilevile. Na ule uchungu, nadhani ulikuwa ni hivyo vidonda vya tumbo. Ini halikuhusika."

Nikamwuliza kuhusu baba yako. Nilimweleza gunia, na kuosha mara tatu, na muthokoi. Sijawahi kumweleza mtu mwingine. Aliacha kuandika akaniangalia.

"Ile sumu ya ukungu inaweza kuleta saratani ya ini," alisema, "hasa kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini. Lakini mumeo hakupimwa. Labda ilikuwa saratani, labda kitu kingine. Labda ni chakula cha mwaka ule, labda cha miaka mingi, labda si chakula. Siwezi kukusamehe na siwezi kukuhukumu, mama. Sina picha yake."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje ya hospitali. Ungedhani nilifurahi. Mimi pia nilikuwa nangoja furaha ije. Badala yake nilikuwa nawaza gauni langu la zambarau, ambalo nilikuwa nimeshampa Ndinda ili anikumbuke nalo, na nitalirudishaje bila kuonekana mroho. Niliwaza maombi yote niliyoombewa. Niliwaza watu waliokesha nami. Nilikuwa nimewaaga wote, nimewasamehe wote, na sasa natakiwa nirudi nianze kuishi nao tena. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna mtu ananichukua.

Nilipofika nyumbani, Mutuku alikuwa ameshafika na familia yake. Yule mtoto alinikimbilia mpaka kwenye ua wa miti. Mutuku akaja nyuma yake, akanipokea mkoba, akanishika kiwiko kama kitu cha kuvunjika. "Umechoka, mwaitu. Mazishi yalikuwaje?"

Nilifungua mdomo niseme. Ninakuapia nilikuwa nimelipanga neno. Nikasema, "Yalikuwa na watu wengi."

Nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia nitasema Mutuku akirudi tena. Akarudi, na tukachinja kuku, na mkewe akanisuka nywele, na sikusema.

Sasa naandika kile ambacho ni chako.

Mwezi wa tano ulikuwa jikoni unapuliza moto. Mimi nilikuwa nje ya mlango, kwenye kigoda, nabangua mbaazi. Simu yako ikalia, na kwa kuwa ile simu haikuwa ikisikika mpaka uiweke sauti kubwa, nilisikia kila kitu. Ilikuwa ni yule madam wa chuo.

"Mwende, nafasi yako bado ninayo. Ripoti chuoni kabla mwezi haujaisha. Nimekushikilia."

"Asante sana, madam. Lakini mamangu ni mgonjwa. Mpeni mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine nyumbani wa kumwangalia?"

Ulitokeza kichwa mlangoni ukaniangalia, na macho yako yalikuwa mekundu kwa moshi. Hukuwa unaniomba ruhusa. Nadhani ulikuwa unataka tu kuona kama ninasikia. Mimi niliangalia mbaazi.

"Hakuna," ulisema.

Nilikuwa najua, Mwende. Kwa wiki tano nilikuwa najua kwamba sina ugonjwa wa kufa. Ningesema neno moja tu, na ungekuwa Kitui mwezi ule. Nilibangua mbaazi mpaka zikaisha, halafu nikaingia ndani nikalala, nawe ukaniletea chai kitandani ukidhani ni uchungu umerudi.

Nimejaribu mwaka mzima kujua kwa nini nilinyamaza. Kila nikipata sababu, kesho yake naona haitoshi. Kuna siku nasema ni kwa sababu sikuamini. Mashine moja imesema kiza, nyingine imesema mwanga, nami ni mtu wa cherehani, nijue ipi inasema kweli? Lakini hiyo ni nusu ya uongo, maana mwanga ule niliuona kwa macho yangu ukijaa. Siku nyingine nasema ni aibu, kanisa zima limefunga kwa ajili yangu. Siku nyingine nasema ni Mutuku: ugonjwa ndio uliomleta, basi uzima utamwondoa tena. Hiyo ni kweli zaidi. Na kuna nyingine ambayo naiandika polepole. Nilipenda unavyonitunza. Nilipenda kusikia miguu yako asubuhi ikija na chai. Tangu baba yako afe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kama nimelala vizuri. Nikawa natamani uniulize tena kesho.

Mwezi wa nane Mutuku akapiga simu kusema anaacha kazi ya gereji, anahamia nyumbani kwa sababu yangu. Hapo niliogopa. Mke, mtoto, nyumba ya kupanga, vyote aviache kwa ajili ya ini lililokuwa zima. Nikamwambia, "Usiache. Nimepimwa tena. Hakuna kitu." Aliniuliza lini, nikasema jana, maana wewe ulikuwa Kilungu kwa susu wako siku hizo. Nilisema jana, na ilikuwa miezi minne.

Yaliyofuata uliyaona. Mchungaji alinisimamisha mbele. Nilisema, "Mungu amenitendea," nikakaa. Sikusema uongo, na sikusema kweli. Watu wakaimba, Ndinda akanirudishia gauni yeye mwenyewe, analia. Wewe ulilia kuliko wote, umenishika kiuno, na nilihisi machozi yako yakipita kwenye blauzi. Mchungaji mpaka leo anasema saratani iliondolewa kwa maombi. Daktari anasema haikuwepo. Nimeshindwa kuchagua. Nikimshukuru Mungu kwa kuniponya, naona namdanganya. Nisipomshukuru, naona nimekosa shukrani, maana ningeweza kuwa na saratani kweli. Tulipoenda wote wawili mwezi wa kumi kupimwa tena na doa likawa vilevile, ulimkumbatia yule daktari. Alinitazama juu ya bega lako. Alikuwa anajua mara ya kwanza niliingia mle lini.

Mwezi wa tisa ulikuwa umempigia yule madam. Alikuambia nafasi ilishachukuliwa. Ulikuja ukaketi karibu nami hapa kwenye cherehani ukasema, "Si kitu, mwaitu. Bora uzima." Hata kama ungenipiga kofi, lisingeniuma hivyo.

Sasa unaenda kusomea umeme. Sijui kama unaupenda umeme au kama ndiyo nafasi iliyopatikana. Sijui kama umechagua Eldoret kwa sababu wana kozi nzuri, au kwa sababu ni mbali na hapa. Nimeogopa kuuliza.

Nikikaa nikawaza, naona nilikosea mara mbili na makosa yenyewe hayafanani. Mara ya kwanza nilipewa swali nikalifanya jibu. Mara ya pili nilipewa jibu, nikajifanya bado ni swali, kwa sababu swali lilikuwa linanifaa. Sijui kama hilo litakusaidia kwa lolote huko uendako. Lakini kama siku moja utashika karatasi iliyoandikwa "inaweza", kumbuka kwamba wewe ndiye uliyeisoma sawasawa pale stejini, una miaka ishirini, na mama yako ndiye aliyekukatalia usomaji wako. Mtu akikunyamazisha hivyo tena, usiende kulala. Bishana naye. Hata akiwa mimi.

Na mimi nikiugua kweli siku moja, kwa maana mtu huugua, usije mpaka umeona ripoti kwa macho yako. Nataka kuyafuta maneno haya, lakini nayaacha.

Saa nne niliacha kuandika nikampigia Mutuku. Nilimwambia yote, mazishi yasiyokuwepo, miezi minne, simu ya madam. Nilimwambia nikiwa nimefumba macho. Nilisikia nyundo za gereji nyuma yake.

"Mwende anajua?"

"Bado."

"Basi usinieleze mimi zaidi. Mwambie yeye kwanza." Halafu, kama mtu aliyekwishaondoka akakumbuka kitu, akasema, "Jumamosi nakuja. Tutaongea. Nimekasirika, mwaitu, lakini nakuja."

Mwanzoni nilitaka kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute Eldoret, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nilikuwa nimeshaikunja. Nimeikunjua tena. Ningekuwa nimekuachia jambo zito na sipo karibu wa kuulizwa, na hiyo ingekuwa mara ya tatu.

Kwa hivyo nitakupa mkononi leo ukifika, kabla hata hujavua viatu, na nitaketi mbele yako unaposoma. Sitainuka kupika. Ukitaka kupiga kelele, piga, Ndinda ameshasikia mengi. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza wote. Ukiniuliza kwa nini niliangalia mbaazi, sina jibu moja, nitakupa yote niliyonayo na utachagua mwenyewe, au utayakataa yote.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka barabarani. Acha niishie hapa, nifungue mlango.

Mamako,
Mwikali